Kukata maua ya kudumu kipindi cha jua kali Arusha na Moshi: ukate lini, ukate wapi, na yapi usiyaguse

Wadau wa maua, Januari ikishafika mwisho mwisho ukipita Njiro, Sakina, Shantytown au hata huko juu Kibosho na Machame bustani zote zinafanana. Desemba ilikuwa inawaka, vuli ilinyesha, ndugu wakaja wakapiga picha wakaondoka, sasa pentasi zimerefuka mpaka zimelala chini, deizi zimebaki vichwa vya kahawia, jerani ina shina refu tupu afu majani kiduchu huko juu kabisa. Hapo wengi wanafanya moja kati ya mawili: ama wanaacha wakisema tusubiri mvua, ama wanamuita kijana aje na panga asawazishe kila kitu. Mimi nasema kata, tena kata jua likiwa bado kali, ila ukate kwa kipimo na ujue kila mmea unataka kukatwa wapi.

Kwanini usisubiri mvua? Kwasababu masika huku kwetu inaingia Machi, na ukikata Februari mmea unapata wiki kadhaa za kuchipua taratibu, mvua ikianguka inakuta machipukizi yako tayari na yanakimbia nayo. Ukikata mvua ikiwa imeshakolea, kidonda kinakaa kimelowa siku nzima, ukungu unaingia, waridi zinapata madoa meusi, na wewe mwenyewe unakanyaga kitalu chenye tope mpaka udongo unashindiliwa. Wenye mashamba ya kahawa Kilimanjaro wanalijua hili toka enzi za babu zao, mavuno yakiisha wanapogoa kabla masika haijaja, na maua ya bustani yanafuata akili hiyo hiyo.

Kinachowachanganya watu ni video za YouTube. Unamkuta mtu wa Uingereza anakwambia Juni na Julai ni katikati ya kiangazi, chukua mkasi kata. Anasema kweli, ila ya kwao. Wana hata mtindo maarufu wa kukata maua mwishoni mwa Mei ambao wameupa jina la maonyesho ya maua ya Chelsea yanayofanyika London mwezi huo huo. Kwao wakati huo jua linazidi kupanda na siku zinarefuka. Kwetu Mei mwishoni masika inaaga, baridi linaingia, na Arusha mwezi wa saba usiku nyuzi zinashuka mpaka 12 hivi na mawingu hayatoki mpaka saa sita mchana. Ukikata sana kipindi hicho mmea unakaa tu umenuna, hauchipui wala haufi. Kwahiyo Juni mpaka Agosti toa maua yaliyokufa tu, basi. Mkato mkubwa uwe huu wa Januari na Februari, na mwingine mdogo kwenye Oktoba mwanzoni kabla ya vuli kwa wanaotaka bustani ichanue kwenye sikukuu.

Na hapa tutofautishe Arusha na Moshi jamani, watu wanaongea kama ni sehemu moja. Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 1,000. Februari ya Moshi, hasa Pasua na Majengo, ni jua la kuchoma kweli kweli, kwahiyo wa Moshi mjini kata kidogo kuliko wa Arusha na umwagilie zaidi. Wa Marangu na Machame juu mna ubaridi na umande, nyie mnaweza kukata kwa nguvu zaidi.

Sasa kinachotokea ukikata ni nini. Ncha ya juu ya tawi inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka chini kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni, yaani vichipukizi ambavyo bado vimelala, yasichipue, ndo mana mmea usiokatwa unarefuka tu kwenda juu halafu chini unabaki uchi. Ukiondoa ncha, macho mawili matatu yaliyo chini ya mkato yanaamka kwa pamoja, pale palipokuwa na tawi moja unapata mawili au matatu na kila moja linakuja na ua lake. Kitu cha pili ni mbegu. Ua likinyauka likabaki pale pale mmea unahamishia nguvu kutengeneza mbegu, na ukishapata mbegu za kutosha kwa upande wake kazi imeisha, hauna haja ya kuchanua tena. Ukiondoa ua kabla mbegu haijakomaa mmea unajaribu upya.

Kabla hujashika mkasi chutama kwanza uangalie chini ya mmea. Hii hatua watu wanairuka na ndo ya muhimu kuliko zote. Kama chini kwenye shina kuna majani madogo mabichi au vijicho vinatokeza, huo mmea una pa kurudia, kata kwa amani. Kama chini ni mti mkavu mtupu mpaka juu, ukikata chini kabisa unaweza kuupoteza, hapo unashuka kidogo kidogo, leo theluthi, ukichipua unashuka tena. Na kama mmea umenyauka kwa kiu usiukate kabisa, mwagilia siku kadhaa mpaka majani yasimame ndo uje na mkasi.

Jioni ya siku moja kabla mwagilia maji ya kushiba, yafike chini kwenye mizizi. Kesho yake kata asubuhi umande ukishakauka, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Mchana wa saa saba usikate, mana yale mashina ya ndani yaliyokuwa yamefunikwa na majani yanakutana na jua ghafla na ngozi yake inababuka. Kipimo cha kawaida kipindi cha jua ni theluthi moja ya urefu, mmea wenye nguvu unaweza kwenda nusu. Kata juu ya fundo, yaani pale jani linapoungana na shina, uache kama nusu sentimita hivi, na mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Chagua fundo ambalo jicho lake linaangalia nje ya kichaka, tawi jipya litaelekea huko na katikati patabaki na hewa. Ukiacha kisiki kirefu juu ya fundo kitakauka na kuoza kurudi chini, ukikata karibu mno jicho lenyewe linakufa.

Ujanja ambao mimi naupenda kuliko yote ni kutokata kitalu kizima siku moja. Kata nusu, tuseme mashina ya mbele, subiri wiki mbili, ndo ukate ya nyuma. Faida yake bustani haibaki kama imepita nzige, nyuki na vipepeo wanabaki na pa kula, na maua yakirudi yanarudi kwa zamu kwahiyo msimu unarefuka. Pia kwa hizo wiki mbili yale ya mbele yanakuwa mafupi na ya nyuma marefu, kitalu kinapata mpangilio mzuri bila kufunga vijiti.

Kuhusu vifaa sitaongea sana. Nunua mkasi wa kupogolea ule ambao visu vyake vinapishana kama mkasi wa kawaida, sio ule wa kubana juu ya bapa maana huo unaponda mashina laini. Unoe. Ukimaliza mmea mmoja ufute kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuhamia mwingine, hasa kwenye waridi. Panga liache kwa ajili ya migomba na fensi, kwenye maua laini linachana shina badala ya kulikata. Glavu nene kwa waridi na bogenvilia, hiyo haina mjadala.

Haya twende kwenye maua yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye yale yanayosumbua.

Pentasi ndo rahisi kuliko yote, asili yake ni ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki kwahiyo jua hili analijua. Kata theluthi mpaka nusu, ndani ya mwezi na wiki kadhaa inarudi na vipepeo vyake. Salvia hivyo hivyo. Deizi zile nyeupe kubwa usikate katikati ya shina la ua, shuka nalo mpaka kwenye majani ya chini kabisa, shina la deizi likishatoa ua halitoi tena. Kana nayo kila shina linachanua mara moja, likimaliza likate mpaka ardhini, lingine linatoka kwenye tunguu lake chini. Watu wengi wanaacha mashina ya kana yamesimama yamekauka miezi, hayana faida yoyote hayo. Agapanthasi toa tu kikonyo cha ua kilichomaliza, majani usiyafyeke, ndo yanayojaza chakula kwenye mizizi ya kuchanua msimu ujao, vuta yaliyokuwa ya njano tu.

Jerani ina kesi yake. Ni mmea wa Afrika Kusini, jua na ukame kiasi anavumilia, kinachomuua ni maji mengi. Lile shina refu lenye magamba ya kahawia lishushe mpaka sehemu ambayo bado unaona mafundo ya kijani, mawili au matatu yabaki juu ya udongo, halafu usimwagilie sana mpaka achipue. Mmea usio na majani haunywi maji mengi, ukiuloweka unaoza. Hivyo vichwa ulivyovikata usitupe, tutavirudia.

Lavenda na rozmeri hapo ndo tunapoua mimea kila mwaka. Hizi hazitoi machipukizi kirahisi kwenye mti mkavu wa zamani, kwahiyo kata sehemu ya kijani tu, simama sentimita kadhaa juu ya pale majani yanapoishia. Ukiona lavenda ya jirani imekatwa ikabaki vijiti, hiyo imeaga. Kama yako ishakuwa mti mtupu chini, ni bora uanze na mche mpya kuliko kuilazimisha.

Haidrenjia, zile zenye vichwa vikubwa vya bluu na pinki ambazo huko Marangu na Kibosho zinakubali sana, nyingi zinachanua kwenye matawi ya zamani, maana yake chipukizi la ua lijalo tayari liko kwenye tawi unalotaka kulikata. Toa kichwa kilichokauka tu, ushuke mpaka jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, uishie hapo. Mtu anakata haidrenjia yote halafu mwaka mzima anauliza kwanini ina majani mazuri bila ua, jibu ndo hilo.

Waridi. Ukanda wetu umekuwa na mashamba ya waridi za kuuza nje ya nchi huko Tengeru na Usa River kwasababu huku juu hali ya hewa inaziruhusu kuchanua mwaka mzima, hazilali kama za Ulaya zinavyolala kwenye theluji. Kwahiyo usikate waridi mpaka kisigino kama unavyoona kwenye video za huko. Kata ua lililokwisha, shuka mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano, ikiwezekana la pili, ukate juu yake hapo. Vile vitawi vyembamba kuliko kalamu vya katikati toa vyote, na yaliyokufa, na yanayosuguana. Toka kukata mpaka ua jipya ni kama wiki 6 mpaka 8, baridi likiwepo zinazidi. Anayetaka waridi za Pasaka ahesabu kurudi nyuma kutoka hapo, Pasaka nyingi zinaangukia mwisho wa Machi mpaka Aprili kwahiyo ni mkato wa Februari.

Bogenvilia, plambago na haibiskasi zote zinachanua kwenye machipukizi mapya, ukikata unaongeza maua. Ila bogenvilia inapenda kuchanua ikiwa na kiu kidogo, kwahiyo Februari ukikuta imewaka rangi iache imalize, kata rangi zikianza kudondoka. Haibiskasi punguza matawi ya ndani zaidi kuliko kufupisha ya nje. Plambago haina neno, kata hata nusu.

Na masale je? Kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) isale lililokuwa refu likainama unaweza kulikata popote, litachipua chini ya mkato, na kile kipande cha juu ukikichomeka ardhini masika ikianza kinashika. Ila kama ni masale ya mpakani usiamke tu asubuhi ukaanza kukata. Mpigie hodi jirani, "shikamoo baba, nilikuwa nataka kupunguza haya masale yetu", mkubaliane, mana kwa Wachaga isale ni alama ya mpaka na ndo hilo hilo la kuombea msamaha, unaweza kukata jani ukazua kesi ya ukoo.

Wenye vijana wa kuwasaidia bustani, hii inawahusu. Ukimwambia "kata maua" atakata kama fensi, juu bapa kama meza, na si kosa lake, ndivyo anavyofundishwa kwenye michongoma. Chukua uzi mwekundu wa sufu funga kwenye kila mmea pale unapotaka akatie, umwambie hapa ndo mwisho usishuke, na mimea isiyoguswa ifunge uzi mweupe. Dakika kumi tu hizo na zinaokoa lavenda zako zote. Cha kwanza kata mbele yake umwonyeshe fundo liko wapi, cha pili akate yeye ukiangalia.

Baada ya kukata maji ndo kila kitu, ila sio ya kunyunyiza kila jioni juu juu. Mwagilia mara mbili tatu kwa wiki asubuhi, polepole, mpaka yazame, maana maji ya juu juu yanafundisha mizizi ibaki juu, na juu ndo panapoungua. Halafu weka matandazo. Huku tumejaliwa: maganda ya kahawa, majani makavu ya mgomba, nyasi, maranda. Tandaza unene wa sentimita tano hivi, uache nafasi pembeni ya shina lisifunikwe, litaoza. Kama una bili ya maji inayokutoa jasho basi matandazo ndo dawa yake. Mbolea weka samadi iliyooza vizuri, viganja viwili vitatu kila mmea, chini ya matandazo. Yurea wiki hizi achana nayo, inasukuma machipukizi laini mengi kwa haraka ambayo jua linayachoma na wadudu mafuta wanayashangilia. Hao wadudu watakuja tu kwenye machipukizi mapya, wakague chini ya majani, wakiwa wachache wakamue kwa vidole au wapige na maji ya bomba kwa nguvu, wakizidi nyunyiza maji ya sabuni kidogo jioni.

Mimea iliyopandwa kwenye vuli iliyopita haina hata mwaka, usiikate, finya ncha tu kwa kidole gumba na cha shahada ili itanuke.

Sasa vile vichwa vya jerani, pentasi, salvia na plambago. Chagua visivyo na ua, au toa ua, kata urefu wa sentimita 10 mpaka 15 chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya chini ubakize mawili matatu ya juu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo ndani ya chupa ya maji iliyokatwa na kutobolewa chini. Weka kivulini, udongo uwe unyevunyevu usiwe tope. Jerani iache kwanza kivulini masaa kadhaa kidonda kikauke ndo uchomeke. Mpaka masika inakolea una miche ya kujaza kitalu kingine na ya kumgawia shemeji, wakati mche mmoja barabarani pale unauziwa kwa bei ambayo muuzaji anaangalia kwanza gari uliyoshuka.

Mabaki yanayobaki, mengi yanaenda kwenye mboji. Yasiyokwenda ni majani ya waridi yenye madoa meusi, hayo choma au fukia mbali, ukiyarudisha kwenye mboji unaurudisha ugonjwa bustanini. Mabaki ya lantana usimpe mbuzi wala ng'ombe hata kama anayaangalia kwa hamu, ni sumu kwa mifugo, na vile vijitunda vyake kata kabla havijaiva vikawa vyeusi, ndege wanavila wanavipanda mpaka kwa jirani. Kama kwenye kupogoa umefika mpaka kwenye fensi ya minyaa, vaa miwani. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hospitali, osha kwanza kwa maji mengi yanayotiririka ndo ukimbie, na watoto wasichezee vile vijiti vilivyodondoka.